Mujibu wa Chumba Namba Sita

Kazi yangu ilikuwa ghorofa ya pili na ngazi zake. Madarasa sita, ofisi ya walimu, vyoo viwili, na korido ndefu ambayo ukianza kuideki upande mmoja, ukifika mwisho, mwanzo umeshakanyagwa. Chini ya ngazi kulikuwa na chumba kidogo chenye kibao mlangoni: KIMYA. WATU WANASWALI. Hicho kibao nacho nilikifuta vumbi kila asubuhi.

Chumba namba sita kilikuwa cha mwisho kwenye korido, na ndicho nilichokipenda. Wanafunzi wa vyumba vingine wakikuta nimedeki wanapita tu kama ng'ombe mtoni. Wa namba sita walikuwa wanasimama, wanauliza kwa macho, nikiwaambia piteni ndiyo wanapita, tena kwa ncha za vidole. Walikuwa kumi na wanane, wageni wote, kila mmoja na nchi yake. Walikuja kusoma chuo kikuu, lakini mgeni haingii chuo kikuu siku hiyo hiyo. Anapewa kwanza mwaka mmoja wa maandalizi, ajifunze kusoma vitabu vizito kwa Kiswahili, kuandika insha za kisomi na kufanya mitihani kama inavyofanywa hapa. Akifaulu, anaingia. Asipofaulu, anafunga sanduku au anaanza upya. Kiswahili chenyewe walikuwa wamekisoma miezi michache kabla ya kuja, wote kwenye kitabu kimoja cha jalada la kijani.

Aliyewafundisha tulimwita Mwalimu, basi. Jengo zima lilikuwa la walimu, lakini huyu ndiye aliyekuwa anawahi kutusalimia sisi wa usafi kabla hatujamsalimia. Mwanamke mfupi, sauti kubwa kuliko mwili. Nikiwa nafuta madirisha ya korido nilimsikia neno kwa neno. Alifundisha vizuri, hata mimi nilikuwa nikimaliza dirisha najua aya ni nini. Na kila mwisho wa kipindi alipiga makofi mawili ya kufuta chaki mikononi, akauliza, "Haya, nani ana swali?"

Kimya. Si kimya cha watu waliochoka. Walikuwa wanainamisha vichwa wote kumi na wanane, mikono juu ya meza, kimya kama maji mtungini. Mwalimu anangoja. Anahesabu moyoni, unamwona. Kisha anasema, "Kwa hiyo mmeelewa?" Wanainua vichwa kwa furaha. "Ndiyo, Mwalimu."

Ukaja mtihani wa kwanza. Waliofaulu wanne.

Mkuu wa kitengo alimsimamisha Mwalimu pale pale koridoni, mimi nikiwa juu ya kiti na tambara langu. Huyo mkuu sisi tulimwita Mzee Rula, kwa sababu hakuachana na rula yake ya mbao, akiongea anaipiga kiganjani kama anapima maneno.

"Wanne, Mwalimu," akasema. "Kati ya kumi na wanane."

"Wanaelewa, Mzee. Kila siku nawauliza, wananiambia wameelewa."

"Basi karatasi ndizo hazijaelewa." Rula ikagonga kiganja. "Mtihani wa pili ni baada ya wiki tatu. Nusu yao wasipofaulu, darasa namkabidhi Bwana Nukuu, na wanaanza mwaka upya. Wewe utarudi chini kwenye usajili."

Bwana Nukuu alikuwa mwalimu wa chumba namba mbili. Anaingia anasoma daftari lake, wanafunzi wanaandika, kengele ikilia anafunga daftari katikati ya neno. Na kwenye usajili kazi ni kugonga mihuri. Nilimwona Mwalimu anatazama mikono yake yenye chaki. Macho hayana pazia, na siku hiyo niliomba yangu yawe nalo.

Lakini hakukaa kulia. Wiki iliyofuata akaja na mbinu. Akaniomba tupange viti mduara, nikambebea. Akaleta picha. Akaandika maneno magumu kwa herufi kubwa. Akaongea polepole, kwa vituo, na kweli nikaona nyuso zinakunjuka, vichwa vinatikisika. Nikasema moyoni, huyu mwanamke anavuka.

Kisha mwisho wa kipindi, makofi mawili. "Nani ana swali?"

Vichwa chini. Mwalimu akadhani hawajasikia. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, polepole zaidi. Ndipo mwanafunzi mmoja mrefu, anayekaa karibu na dirisha, akainuka kwa kunyata, akalifunga taratibu kelele za nje zisiingie, akarudi kukaa na kichwa chini zaidi ya wenzake.

Hilo la dirisha halikunitoka kichwani. Mtu asiyetaka kuuliza anatazama saa, anakusanya kalamu. Hafungi dirisha.

Halafu kulikuwa na kapu la taka. Makapu ya vyumba vingine yana maganda ya ndizi na chupa. La namba sita lilikuwa na vikaratasi vilivyokunjwa mara nne, kama barua za siri. Mimi si mtu wa kusoma barua za watu, ila karatasi iliyotupwa haina mwenyewe. Nikafungua kimoja. "Samahani. Marejeo ni kurejea wapi?" Nikafungua cha pili. "Samahani sana. Eleza kwa ufupi, mtu mrefu afanyeje?" Cha tatu kiliandikwa kwa mwandiko mzuri sana: "Samahani, Mwalimu. Mujibu ni nani? Mbona yumo kwenye kila kitabu?"

Nikavitia kwenye mfuko wa aproni. Kesho yake nikakuta vingine. Nikaanza kuvinyoosha na kuvihifadhi, sijui kwa nini, labda kwa sababu vyote vilianza na samahani.

Nilikuwa naishi kwa kaka yangu, na mkewe, yaani wifi yangu, hana dogo. Jioni moja yeye yuko jikoni anaosha vyombo, bomba wazi, mimi sebuleni nakunja nguo.

"Leo tena kimya," nikamwambia.

"Nani kimya? Wewe? Mungu amesikia."

"Wale wageni wa namba sita. Mwalimu kawauliza nani ana swali, wote wakainamisha vichwa."

Wifi akafunga bomba. "Sasa mtu anaswali, ulitaka wafanye nini? Wapige vigelegele?"

"Sijasema anaswali. Nimesema ana swali."

"Ndiyo hivyo hivyo, anaswali."

"Wifi. Ana. Halafu swali."

"Mbona unapumua katikati kama mgonjwa? Sema kama ulivyosema mwanzo."

Nikasema kama nilivyosema mwanzo. Nikarudia. Nikarudia tena, na shati la kaka likabaki limening'inia mkononi. Nikaona kibao changu cha chini ya ngazi. Nikamwona yule mrefu anafunga dirisha kwa kunyata.

"Umepigwa na shoti?" wifi akauliza, kichwa mlangoni. "Hilo shati lina nini?"

Sikutaka kukimbilia kusema. Ukiwa mtu wa fagio, ukikosea utaambiwa kashike fagio lako. Asubuhi nikamngojea mwanafunzi mmoja anayewahi kuliko wote, dada mpole anayetembea na kamusi kifuani kama kitoto kichanga. Nilimwita Bi Kamusi mbele yake, naye alilipenda hilo jina, maana alilitafuta ndani ya kamusi na akalikuta.

"Habari ya asubuhi, dada wa usafi," akasema.

"Nzuri, Bi Kamusi. Hebu niambie. Mwalimu akimaliza somo huwa anasemaje?"

"Anauliza nani anaswali."

"Na nyie mnafanyaje?"

"Tunanyamaza," akasema, na uso ulionyesha anajua amejibu sawa. "Siku ya kwanza tulitembezwa jengo. Pale chini tukaambiwa, mtu akiswali, kimya kabisa." Kisha akasogea, akapunguza sauti. "Lakini tunasikitika. Mwalimu anauliza kila siku, na hakuna anayeswali saa hiyo. Tunaogopa anatuona watu wabaya. Ndiyo yule mrefu akashauri tuinamishe vichwa. Angalau."

Niliuma mdomo mpaka ukauma kweli. "Na kitu msichokielewa?"

"Tunaandika kwenye karatasi. Tunangoja Mwalimu aseme maswali. Kitabu chetu kila ukurasa mwishoni kinasema, jibu maswali. Yeye hajasema, basi tunatupa."

"Maswali yakiwa mengi ni maswali. Likiwa moja, je?"

"Maswali moja," akajibu bila wasiwasi.

Nikamweleza. Kwa mkono mmoja nilionyesha chini ya ngazi kilipo kibao, kwa mwingine nikashika kikaratasi. Alisikiliza, akafungua kamusi, akapitisha kidole ukurasa mzima. Kidole kikasimama. Akashika shavu. "Wiki saba," akasema. "Tumemwinamia Mwalimu wiki saba. Aibu hii."

"Si aibu," nikamwambia. "Doa usiponionyesha, mimi nitalifutaje? Mimi na wewe twende tukamwonyeshe."

Akakataa katakata. Kwenda kumwambia mwalimu kwamba hasikiki ni utovu wa adabu, alisema, kwao mtu hafanyi hivyo. Tena akaniomba nisimtaje. Kwa hiyo kazi ikabaki kwangu, na mimi nami nikaanza kuogopa vile vile. Niliideki sakafu ya mlangoni pa ofisi ya walimu mara tatu. Mara ya nne Mwalimu, aliyekuwa peke yake anasahihisha madaftari, akainua kichwa.

"Mdogo wangu, hapo utatoboa hadi chini."

Nikapiga moyo konde, nikaingia. "Mwalimu, nina swali," nikasema.

"Uliza."

"Umesikia nimesema nini?"

"Una swali."

"Na kama ungesikia ninaswali?"

Akanitazama kama mtu anayefikiria kumwita nesi. Ikabidi nieleze yote, kibao, dirisha, vichwa, kitabu cha kijani. Nilipofika kwenye vichwa kuinama angalau, Mwalimu aliweka kalamu chini, kisha paji la uso juu ya madaftari, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka hana sauti.

"Wiki saba," akasema akipangusa macho, "mimi nawaitisha ibada. Na nilivyoona hawasikii, nikaongeza sauti."

"Yule mrefu akafunga dirisha."

"Usiniongezee, mbavu zinauma."

Ndipo nikatoa vikaratasi kwenye aproni. Akavisoma kimoja kimoja, na kicheko kikapungua mpaka kikaisha. Kimoja alikishika muda mrefu. Nakikumbuka: "Samahani. Mkubwa akishasema vizuri, kwa nini mimi nibadilishe maneno yake? Si nitakuwa nimemdharau?"

"Hiki ndicho kilichowaangusha," akasema taratibu. "Wamenakili vitabu neno kwa neno, hawakutaja aliyeandika. Nimewakata alama zote. Niliona ni wizi, kumbe kwao ni adabu." Akachukua kalamu yake. "Sawa. Kesho ninasema 'maswali', wanyooshe mikono."

"Hawatanyoosha, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Kila karatasi imeanza na samahani. Mtu wa hivyo hasimami mbele ya wenzake akasema hajaelewa. Ataona anakwambia hukufundisha. Lakini kutupa kwenye kapu wanatupa vizuri, hata hawakosei."

Mwalimu akaangalia kapu la ofisini. Akaniangalia mimi. "Una ndoo safi?"

Nilikuwa nayo, ya bluu, mpya, sijaitia hata tambara.

Kesho yake niliideki korido kwa upande wa namba sita, siwezi kusema uongo, nilitaka kuona. Mwalimu aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: SWALI MOJA, MASWALI MAWILI. Chini yake: MIMI NINA SWALI. MIMI NINASWALI. Akavisoma vyote. Kicheko kikaanzia nyuma, kikaja mbele kama maji yaliyomwagika. Yule mrefu alijifunika uso kwa daftari. Bi Kamusi alitazama mlangoni nilipo, nikajifanya naangalia dari.

Kisha Mwalimu akaweka ndoo ya bluu juu ya meza. Akawaambia utaratibu mpya: kila anayetoka darasani anatupa karatasi moja humo, haina jina, na haina samahani. Somo la kesho litaanza kwa kuimwaga ndoo mezani. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Siku ya kwanza karatasi tano. Siku ya tatu kumi na tano. Wiki ya pili Mwalimu aliacha zile noti alizoandaa tangu mwanzo wa mwaka, akawa anafundisha kutoka ndooni. Darasa likaanza kuwa na kelele, kelele nzuri ya watu wanaobishana. Kuna siku nilimsikia yule mrefu anasema bila karatasi, "Hapana, sikubali," kisha akashtuka mwenyewe na kukaa chini.

Siku moja kabla ya mtihani, Mzee Rula akaja kukagua. Akakaa nyuma, rula juu ya goti. Mwalimu akaimwaga ndoo. Mzee Rula akanyanyuka, akaja hadi mlangoni, akaniita.

"Binti."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Takataka zile mezani zinafanya nini?"

"Si takataka, Mzee. Ni somo."

Sijui nilitoa wapi ulimi huo. Akanitazama, akarudi kukaa, na mimi nikabaki pale mlangoni.

Mwalimu akachukua karatasi ya kwanza, mwandiko ule mzuri. "Mujibu ni nani?"

"Mujibu gani?" Mzee Rula akauliza kutoka nyuma, imemtoka.

Yule mrefu akasimama. "Mujibu mwandishi, Mzee. Kila kitabu kinasema, kwa mujibu wa. Amesoma mambo yote, afya, kilimo, historia. Tumemtafuta maktaba kwenye herufi M. Hayupo."

"Mimi nilidhani amefariki," mwingine akasema.

Rula ikaanguka sakafuni. Mzee Rula aliinama kuiokota na alikawia sana huko chini. Alipoinuka macho yalikuwa na maji. Akaenda ubaoni mwenyewe, akaomba chaki. "Mujibu si mtu," akasema. "Kwa mujibu wa mtu fulani, maana yake maneno haya ameyasema yeye, si mimi. Unamtaja."

Ndipo Bi Kamusi akanyoosha mkono. "Nina swali," akasema, akaacha nafasi kubwa katikati. "Kama ninamtaja mkubwa, halafu ninasema kwa maneno yangu, sijamdharau?"

"Ukimtaja umempa kiti," Mwalimu akamjibu. "Ukichukua maneno yake bila kumtaja, umemkalia kwenye kiti chake."

Ukasikia kalamu kumi na nane zinaandika. Kengele ilipokaribia, Mzee Rula, kwa mazoea ya miaka yake yote, akapiga rula kiganjani na kusema, "Haya, nani ana swali?"

Vichwa kumi na vinane vikaenda chini kwa pamoja. Kimya. Yule mrefu akainuka kwa kunyata, akafunga dirisha.

"Wana nini tena hawa?" Mzee Rula akauliza.

Mwalimu akageukia ubao akicheka. Kisha mmoja akashindwa kujizuia, wakalipuka wote. Huo ndio ulikuwa utani wao wa kwanza kwa Kiswahili, na nadhani waliupanga kwenye ndoo.

Matokeo yalibandikwa wiki mbili baadaye, na aliyepewa gundi ni mimi, kwa hiyo niliyaona kabla ya wote. Kati ya kumi na wanane, kumi na watatu. Niliyahesabu mara tatu kabla sijabandika, na nikabandika kwa kupinda. Mzee Rula alikuja, akasoma, akapima mpindo wa karatasi kwa rula, akauacha hivyo hivyo. "Darasa libaki kwa Mwalimu," akamwambia katibu wake. Kisha akanigeukia. "Binti, hizo ndoo za bluu stoo ziko ngapi? Bwana Nukuu naye anahitaji moja."

Mchana Mwalimu akaniita ofisini, akafunga mlango, akanionyesha insha ya Bi Kamusi. Swali la mtihani liliuliza mgeni anajifunzaje. Katikati ya ukurasa, kwa mwandiko ule ule mzuri niliokuwa naunyoosha kutoka kapuni, palikuwa pameandikwa: "Kwa mujibu wa dada wa usafi, mazungumzo, korido ya ghorofa ya pili, asubuhi, doa lisiloonyeshwa haliwezi kufutwa."

"Hilo la marejeo nimempa alama zote," Mwalimu akasema. "Ulimwambia hivyo kweli?"

"Nilimwambia karibu na hivyo. Kaweka kwa maneno yake."

"Ndivyo inavyotakiwa."

Nilirudi nyumbani siku hiyo mwepesi. Wifi yuko jikoni, bomba wazi, mimi na nguo zangu za kukunja sebuleni.

"Wifi, leo nimeandikwa kwenye mtihani wa chuo kikuu."

"Umeandikwa au umefutwa?"

"Nimeandikwa. Kwa mujibu wangu mimi."

Bomba likafungwa. Wifi akaja mlangoni, mikono ina povu hadi kwenye viwiko, macho yamemtoka.

"Mujibu wako? Tangu lini? Anafanya kazi gani? Kaka yako anamjua?"

Nikakunja shati la kaka taratibu, nikamwacha aulize.